Ngome Kongwe: taarab na filamu usiku mmoja, skrini isimame vipi?

Mwana wa Malindi
Asalaam alaykum wadau. Kikundi chetu kinaandaa onesho katika ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe, Unguja: taarab ya muda wa saa moja na filamu ya dakika 90. Tunatarajia watu kama 200. Tuna projekta ya lumeni 5,000 (kipimo cha mwanga unaotoka), spika mbili na kitambaa cheupe cha mita 4 kwa 2.25. Skrini tuisimamishe vipi, na tuanze saa ngapi?

Fundi Projekta
Waalaykum salaam. Projekta inatosha: lumeni 5,000 kwa mita 9 za mraba ni kama laksi 550 (lumeni kwa kila mita ya mraba), mwanga mzuri kabisa kwa usiku. Lenzi ikiwa ya uwiano wa 1.5 (umbali ni mara 1.5 ya upana wa skrini), itakaa mita 6 kutoka kwenye skrini, kwa hiyo pimeni kabla ya kupanga viti.

Adui yenu ni upepo. Kitambaa cha ukubwa huo ni tanga. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unakisukuma kwa uzito wa zaidi ya kilo 50, na fremu nyepesi inaanguka juu ya watu. Tumieni fremu ya mabomba yenye mihimili ya kuegemea mbele na nyuma, ncha zake mita 1.5 kutoka kwenye skrini. Kila ncha wekeni madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji. Kitambaa msikifunge kwa kamba isiyonyumbuka. Kateni tyubu za baiskeli vipande vya upana wa kidole, mfunge navyo kwenye kila tundu la pembeni mwa kitambaa: upepo ukija kitambaa kinanesa kisha kinarudi, hakichaniki pembeni. Upepo ukizidi hiyo mita 10 kwa sekunde, kiondoeni kitambaa bila kubishana.

Bi Chokaa
Naongezea kwa msisitizo: msipige msumari hata mmoja ukutani! Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na ngome yenyewe imesimama tangu mwanzoni mwa karne ya 18. Tundu likizibwa kwa saruji, unyevu wenye chumvi hauna pa kutokea, na chokaa ya pembeni inabambuka. Hata gundi ya karatasi inang'oa chokaa. Na kibali cha ukumbi hakitoshi: filamu ipitie Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni mapema, na mwenye filamu atoe ruhusa ya maandishi. Akaunti ya kutazamia filamu nyumbani haikupi haki ya kuonesha hadharani.

Maiki Moja
Kuhusu sauti. Ganuni na udi, ala za nyuzi za taarab, vina sauti ndogo, mafundi wengi wanapandisha maiki hadi zinapiga mluzi. Sogezeni maiki karibu, sentimita 20 hadi 30, na spika zikae mbele ya wanamuziki, zisiwaelekee. Mkiongeza spika za nyuma, zicheleweshwe milisekunde 3 kwa kila mita moja: mita 17 ni kama milisekunde 50. Bila hivyo maneno ya filamu yanasikika mara mbili.

Mvumo ukitoka kwenye laptopu, ichomekeni soketi moja na mixa. Msikate waya wa ethi (wa kinga, unaopeleka umeme ardhini); kuukata kunaweza kuua.

Mwana wa Malindi
Ahsanteni sana. Filamu itangulie, au taarab?

Fundi Projekta
Taarab. Maiki zote zinapimwa alasiri na haziguswi tena. Filamu ikitangulia, mtapanga maiki nusu saa watu wamekaa. Kitambaa kibaki kimekunjwa juu, kikunjuliwe baadaye.

Jua linazama kati ya saa 12:15 na 12:45 jioni kulingana na mwezi, basi anzeni saa 2:15 usiku, Isha ikishapita. Epukeni masika, Machi hadi Mei. Projekta ya balbu iwe na UPS (betri ya akiba): umeme ukikatika ghafla feni inasimama balbu ikiwa moto, na huenda isiwake mpaka ipoe. Faili liwe kwenye diski mbili, na litazamwe lote, pamoja na maandishi ya chini, kwenye laptopu ileile ya siku hiyo.