Napima mwanga wa 3C 273, kila usiku napata jibu jingine

MwalimuTanga: Wakuu, habari za usiku. Nafundisha fizikia hapa Tanga. Nina darubini ya kioo ya sentimita 13 na kamera ya mume wangu, ile anayopigia picha za harusi. Tangu masika yakatike naiwinda kwasa 3C 273, yaani kiini king'aacho cha galaksi ya mbali sana, kwenye kundi la nyota la Mashuke. Kuipata naipata, ni kanukta ka buluu hafifu, ukiitazama huitofautishi na nyota. Kupima ndiko kunanishinda. Usiku wa kwanza magnitudi (kipimo cha mng'ao, namba ikikua mwanga unapungua) 12.6, wa pili 13.1, wa tatu 12.8. Nalinganisha na nyota yoyote iliyo jirani. Nasikia kwasa hubadilika kweli. Ndicho ninachokiona?

BabuSumbula: Shikamoo ya darasa zima kwako, mwalimu. Hubadilika, ila mwendo wake ni wa miezi na miaka. Nusu magnitudi ni zaidi ya mara moja na nusu ya mwanga. Kwa siku mbili tatu hiyo si yake, ni yako. Ulipiga JPEG au faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaichezea? Saa ngapi? Nyota ulizolinganisha zina rangi gani?

MwalimuTanga: JPEG. Usiku wa kwanza saa mbili, ikiwa utosini. Wa pili saa tano, imeshainamia upande wa Usambara. Rangi sikuangalia, na nyota nilikuwa nabadilisha.

BabuSumbula: Basi tumeshamkamata mwizi, tena wako watatu. Kamera ya harusi kazi yake ni kumpendezesha bibi harusi: JPEG inanyanyua giza na kubana weupe, kwa hiyo namba unazozisoma ni za mapambo. Chukua faili ghafi, pikseli za kijani peke yake. Hizo ndizo zinazokaribia kipimo cha V, yaani magnitudi inayopimwa kwa mwanga wa kijani-njano. Halafu hewa: buluu hutawanywa kuliko nyekundu, na kitu kikiwa chini mwanga wake unapita hewa nyingi. Ukiipima kwa nyota ya rangi ya chungwa, hivyo viwili havipotezi mwanga sawasawa. Pima saa mbili, usingoje saa tano.

La tatu, hilo la kubadilisha nyota, ndilo ninalolipenda. Mwanaastronomia Guillermo Haro kule Tonantzintla, Meksiko, alikuwa akipiga sahani moja (kioo chenye dawa ya picha, kabla ya kamera za kidijitali) mara tatu, anaisogeza kidogo kila mara: njano, buluu, urujuanimno. Kila nyota inatoka madoa matatu kando kwa kando. Ya buluu inajitaja yenyewe, maana doa lake la urujuanimno limenona. Yeye na mwenzake Luyten walitoa orodha ya vitu vya buluu 8,746 mwaka 1962. Ona ujanja wake: hewa ileile, sahani ileile, dawa ileile. Na wewe usitoke nje ya picha yako, na nyota za kulinganishia usizibadilishe. AAVSO, chama cha Marekani cha wapima nyota zinazobadilika, wana ramani ya 3C 273 yenye V na rangi ya kila nyota.

Kipepeo_Nrb: Samahani naingilia. Kitu kiko mbali hivyo, mwanga si ungevutwa kwenye wekundu?

BabuSumbula: Umevutwa, lakini mawimbi yake yamerefuka kwa 0.158 tu, yaani karibu asilimia 16, ndicho alichokisoma Maarten Schmidt mwaka 1963. Gesi inayozunguka shimo jeusi pale ina moto mno, urujuanimno wake haukauki kwa kuvutwa kidogo hivyo. Ila buluu peke yake si ushahidi. Msako wa Palomar-Green, uliochapishwa 1986, ulikusanya vitu 1,874 vyenye urujuanimno uliozidi. Vingi vilikuwa nyota za humuhumu kwenye galaksi yetu, vibete vyeupe (masalia ya nyota zilizokwisha kuungua) na jamaa zao wa moto. Kwasa zilikuwa mia na ushei. Ni kama kuchambua mchele kutafuta punje ya ngano.

MwalimuTanga: Nimerudi. Faili ghafi, kijani tu, picha 20 za sekunde 30, fokasi nimeilegeza kidogo ili nyota isikae kwenye pikseli moja. Nyota mbili za ramani, hizohizo kila siku. Jumatatu 12.84, jana 12.88. Leo sipimi, mume wangu anaitaka kamera yake, kuna harusi Pongwe.

BabuSumbula: Mwambie nayo apige faili ghafi.