Limiti ya kadi imeshushwa: usikimbilie kuifunga kadi

Kutoka: Area C, Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Nauliza kwa niaba yetu tuliorudi nyumbani lakini bado tuna kadi za mkopo za Marekani. Limiti ilikuwa dola 8,000, benki imeishusha hadi 2,500, na kadi ina deni la dola 2,100. Kuna kadi ya pili ya benki nyingine: limiti dola 4,000, deni 300. Hakuna malipo yaliyowahi kuchelewa. Je, alama za mkopo zitaanguka? Na je, ni afadhali kuifunga hiyo kadi na kuachana nao?

Kutoka: Columbus, Ohio

Kaka wa Area C, usiifunge. Hilo kwanza, mengine yafuate.

Alama za FICO, yaani alama za mkopo ambazo wakopeshaji wengi wa Marekani huzitazama, zinapangwa hivi: asilimia 35 ni kulipa kwa wakati, na asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa. Ndani ya hiyo 30, jambo zito ni deni lako limekula sehemu gani ya limiti. Kabla ya barua ya benki ulikuwa na deni la 2,400 kwenye limiti za jumla 12,000, yaani asilimia 20. Sasa deni ni lile lile 2,400, lakini limiti za jumla ni 6,500. Umefika karibu asilimia 37. Wanaipima pia kila kadi peke yake, na hapo ndipo panapouma: kadi iliyoshushwa imetoka asilimia 26 hadi 84. Hujakopa hata senti moja zaidi, ila kwenye karatasi unaonekana mtu aliyebanwa. Ukiifunga ikiwa na deni, ile 2,500 iliyobaki inaondoka na deni linabaki pale pale.

Walioko nyumbani wanaijua hali hii kwa Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, kiwango kinashuka bila mtu kukuuliza. Huku tofauti ni kwamba limiti mpya na deni lako huandikwa kwenye ripoti ya mkopo, yaani kumbukumbu ya madeni yako inayotunzwa na kampuni za ripoti, na kila mkopeshaji utakayemwendea ataviona.

Dawa ya haraka ni kupunguza deni la kadi hiyo moja. Ukilipa dola 1,350 linabaki 750, ambalo ni asilimia 30 ya 2,500. Ukishuka chini ya hapo ni bora zaidi, maana 30 si mstari wa kichawi, kila asilimia inayopungua inasaidia. Lakini angalia tarehe. Benki nyingi hupeleka taarifa zako kwa kampuni hizo siku ya kufunga hesabu ya mwezi, si siku ya mwisho ya kulipa. Siku ya mwisho ya kulipa huja angalau siku 21 baadaye, na anayengoja hadi hapo anakuwa hana deni la kuchelewa lakini lile kubwa limekwisharipotiwa. Kama hesabu inafungwa tarehe 12, hela iwe imeingia kufikia tarehe 9, kwa sababu kutoka akaunti ya benki nyingine inaweza kuchukua siku mbili tatu za kazi. Jambo la kutia moyo ni kwamba matoleo ya FICO yanayotumika zaidi hayana kumbukumbu ya asilimia hii. Deni likishuka mwezi ujao, alama nazo zinarudi.

Usigawe hela hiyo nusu kwa nusu kati ya kadi mbili. Ya pili iko asilimia 7 na nusu tu, ilipie kiwango cha chini kwa wakati, nguvu yote ielekeze kwenye ile yenye 84. Kama riba ya ile ya pili ni kubwa sana unaweza kubishana nami, lakini kwa mwezi mmoja au miwili alama ndizo zenye haraka.

Halafu barua. Benki ikishusha limiti kwa sababu ya kitu ilichokiona kwenye ripoti yako, sheria inaitaka ikupe taarifa yenye jina la kampuni iliyotoa ripoti, alama zilizotumika na sababu kuu. Ukiipata una siku 60 za kuomba nakala ya ripoti hiyo bure. Mbali na hapo, annualcreditreport.com inatoa ripoti za kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, bure kila wiki. Chukua zote tatu. Unatafuta vitu vichache tu: akaunti usiyoifungua wewe, malipo yaliyoandikwa yamechelewa wakati hayakuchelewa, deni lililokwisha lipwa lakini bado lipo. Ukikuta kosa, peleka pingamizi kwa kampuni ya ripoti pamoja na ushahidi, na kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Bila kusafisha hilo, kuipigia benki ni kupoteza muda, maana watasoma ripoti ile ile yenye kosa.

Ripoti ikiwa safi, piga namba iliyo nyuma ya kadi. Usianze kwa kulalamika. Sema: "Naomba kujua sababu ya kushusha limiti, na naomba iangaliwe upya. Kipato changu cha sasa ni hiki, na sijawahi kuchelewa." Kabla hawajaendelea, uliza kama watavuta ripoti yako kwa ule uchunguzi unaopunguza alama. Uchunguzi huo hukaa kwenye ripoti miaka miwili, ingawa FICO inauhesabu kwa miezi 12. Kama wanahitaji kuuvuta kwa ajili ya kuongeza dola 500, mimi ningekataa. Kama una kadi nyingine kwenye benki hiyo hiyo, omba wahamishe sehemu ya limiti kutoka kadi usiyoitumia. Benki kadhaa hukubali bila uchunguzi wowote.

Kipato sema cha kweli. Kuidanganya benki ili upate mkopo ni kosa la jinai Marekani.

Kutoka: Houston, Texas

Dada wa Columbus amesema vizuri. Naongeza pale penye mtego.

Barua ya sababu si lazima kila mara. Kama limiti imeshushwa kwa sababu kadi ilikaa bila kutumika, au kwa sababu kadi hiyo hiyo imechelewa kulipwa, kanuni haiwabani kukuandikia sababu. Kwa hiyo ukikosa barua usidhani wamevunja sheria moja kwa moja. Piga uulize.

Watu pia huchanganya ule muda wa siku 45. Benki hailazimiki kukutaarifu siku 45 kabla ya kushusha limiti, inaweza kushusha leo. Kinachozuiwa ni kukutoza faini ya kuvuka limiti, au kukupandishia riba ya adhabu, kwa sababu tu deni limevuka limiti mpya, kabla ya siku 45 kupita tangu wakupe taarifa. Na faini ya kuvuka limiti hawawezi kuitoza kabisa kama hukuwahi kuwakubalia wapitishe manunuzi yanayovuka limiti.

Leo hii, kabla ya yote, angalia malipo yanayojirudia yenyewe kila mwezi: simu, bima, hifadhi ya picha mtandaoni. Kwa deni la 2,100 umebakiwa na dola 400, na bima moja ya gari inaweza kuimaliza. Kadi ikikataliwa, bima inaweza kukatika bila wewe kujua. Hamishia malipo hayo kwenye akaunti ya kawaida ya benki.

Kingine: kuna benki ambazo kila ukilipa zinaishusha limiti tena, karibu na deni lilipobaki. Inaudhi, lakini usiache kulipa. Usikimbilie pia kuomba kadi tatu mpya kwa wiki moja, hilo linawathibitishia kile walichokiogopa.

Kutoka: Minneapolis, Minnesota

Wanangu, hamjambo? Mimi nitasema juu ya hela za nyumbani, kwa sababu wengi wanajenga Iyumbu na Nala, na mvua zikikaribia fundi anataka saruji sasa hivi.

Ukituma hela kwa programu ya simu kwenda M-Pesa au Airtel Money na ukachagua kulipa kwa kadi ya mkopo, benki inaweza kuihesabu kama umechukua taslimu. Maana yake kuna ada papo hapo, riba yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya manunuzi, na inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, hakuna siku za neema. Tena limiti ya taslimu ni ndogo kuliko limiti ya kadi. Limiti ikishushwa, na hiyo inaweza kushuka. Tumia akaunti ya benki, hata kama hela itachelewa siku moja mbili. Fundi mwambie mapema. Na mtu wa nyumbani asisukumwe kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba ya kuumiza, kwa sababu hela yako imekwama, huo ni moto mkubwa kuliko kadi yoyote.

Kutoka: Area C, Dodoma

Shikamoo mama. Asanteni sana, dada na kaka. Namba ya simu je? Benki inatuma msimbo kwenye namba ya Marekani ambayo imeshakatika.

Kutoka: Columbus, Ohio

Hilo lishughulikie kabla hujaongelea limiti, kaka, kwa sababu bila msimbo hawatakuhudumia. Mfumo wao ukikubali barua pepe au programu ya benki kwa uthibitisho, washa hiyo. Ukiwa bado Marekani, au ukipita tena, hamishia namba ya zamani kwenye huduma ya bei nafuu ya kuihifadhi badala ya kuiacha ife. Anwani nayo isahihishe, barua za kushusha limiti nyingi huishia kwa mpangaji mpya.

Nyuma ya kadi kuna namba ya kupigia ukiwa nje ya nchi. Saa tatu asubuhi New York ni saa kumi jioni Dodoma wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi yao. Piga mwanzo wa saa hizo, foleni huwa fupi.

Ukishapunguza deni, kadi isilale tena. Manunuzi madogo mara moja kila mwezi yanatosha, yalipwe yote. Ukiitumia hotelini Dodoma na mashine ikauliza dola au shilingi, chagua shilingi, kwa sababu ukichagua dola, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na upande wa mashine. Angalia pia kama kadi yako inatoza ada ya manunuzi ya nje, mara nyingi ni hadi asilimia 3. Na hoteli huzuia kiasi fulani cha limiti hadi uondoke. Kwa limiti ya 2,500, waulize kiasi hicho kabla hujawapa kadi.