Tupeane uzoefu: kanda ya taarab iliyokulea, nyimbo zake nani alizichagua?

Mwana wa Ngamiani

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita nilikuwa Tanga kumsaidia mama kuhama chumba. Chini ya kabati nikaokota kanda ya dakika 90, ganda limepasuka, na kwenye karatasi yake kuna mwandiko wa mama: "BLACK STAR / LUCKY STAR – ZILE NZURI". Hivyo ni vikundi viwili vya taarab vya Tanga, na hiyo ndiyo albamu niliyokulia. Hakuna kampuni iliyoitoa. Mama alinunua kanda tupu, akaipeleka kwa kijana mmoja wa kurekodi mtaani pamoja na karatasi ya daftari yenye majina ya nyimbo. Upande wa A Black Star, upande wa B Lucky Star. Akakaa kwenye benchi mpaka wimbo wa mwisho ukaingia, maana hakumwamini yule kijana.

Kwa wasioijua, taarab ya Tanga ya enzi hizo haikuwa na safu ya fidla kama ya Unguja. Ilikuwa gitaa, besi, kinanda, ngoma ndogondogo, na sauti ya mwanamke mbele. Marehemu Shakila Saidi aliimbia Black Star kisha Lucky Star, na ukitaja "Macho Yanacheka" hata mtu asiyependa taarab anaitikia.

Sasa, wimbo wa tatu upande wa A. Siku moja redio iliula. Baba akakata kipande kilichojikunja, akaunga kwa selotepu, na ubeti mmoja ukaenda hivyo. Mpaka leo nikiuimba naruka palepale bila kujijua. Mwaka jana nimeusikia mzima kwenye simu ya mtu, nikamwambia, "Huu wameuongeza." Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Na ndio wimbo huohuo ambao mama, akiamka vibaya, aliufungulia sauti mpaka dirisha linatetemeka. Sisi watoto tulijua fika: anapigiwa jirani wa mlango wa pili. Nani hajui kazi ya taarab.

Haya, leteni zenu. Kanda, santuri, sidii, chochote chenye "zile nzuri".

Fundi Kaseti

Huyo kijana wa kurekodi angeweza kuwa mimi, ila mimi nilikuwa Kariakoo. Acha nitubu hapa.

Kanda ya 60 ina dakika 30 kila upande. Mteja anakuja na orodha ya nyimbo kumi na nne za taarab, na wimbo wa taarab una tabia ya kutembea dakika nane, kumi, wala hauna haraka. Hesabu haikubali. Ukimwambia anunue ya 90 anasema unamwibia. Basi tulikuwa tunashusha sauti polepole ubeti wa mwisho, tunaingiza mwingine. Kuna watu Dar hii wanaamini zile nyimbo huisha vile. Siyo. Huishia pale kidole changu kilipochoka.

Dhambi ya pili. Dukani tulikuwa na santuri moja ya Lucky Star yenye mkwaruzo, sindano ikifika pale inafanya "tik" na kuruka neno. Kila aliyeutaka ule wimbo alichukua na ile tik. Miaka baadaye tajiri akapata nakala safi. Mteja wa zamani akaja kurekodi upya, akasikiliza, akairudisha. Anasema wimbo wake una tik, huu siyo wenyewe.

Kwa hiyo Mwana wa Ngamiani, mimi nakuelewa kuliko unavyodhani.

kijana2001

Mimi yangu ni flashi ya mjomba mwenye daladala. Nyimbo 300, zote zimeandikwa "Track 01". Nazijua kwa vituo: ile ya Shakila ni ya Buguruni, ile ya besi nzito tukifika Tabata.

Wa Mvita

Tanga mna yenu, lakini Mombasa pia tuna letu. Mzee wangu alikuwa na sanduku la santuri ndogo, zile za mizunguko 45: Zein, Juma Bhalo, Matano Juma, Zuhura Swaleh na taishokoto, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, likilia kama limefinywa. Upande mmoja wa santuri ile waingia dakika tatu au nne tu, basi wimbo mrefu hukatwa mara mbili. Waimbwa nusu, santuri yanyamaza, mtu ainuke akaigeuze. Kazi hiyo ilikuwa yake peke yake. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, na mama naye aliruhusiwa kwa nadra. Akishaigeuza alikuwa na mtindo wa kumimina kahawa kabla hajaiweka sindano, na hapo ndipo maneno ya nyumbani husemwa. Mambo mengi ya familia yetu yaliamuliwa katikati ya nyimbo za Juma Bhalo.

Santuri zikaliwa na joto na wajukuu. Nilipopata kazi nikamtafutia zile sidii za mfululizo wa Zanzibara, zilizotolewa na kampuni ya Buda ya Ufaransa. Ya pili ni ya Mombasa tupu, 1965 hadi 1975. Nikaiweka, mzee ametulia kitini, tasbihi mkononi. Wimbo ulipofika katikati akainuka.

Akasimama pale pale. Wimbo waenda, haukungoja mtu. Akanitazama, akatazama ile mashine, kisha akenda zake jikoni kumimina kahawa. Aliporudi aliniambia niurudishe mwanzo kwa kuwa amepitwa.

Mtu wa Vuga

Mkimaliza magitaa yenu mtuambie wenye taarab tuingie. 😄

Utani. Lakini ukweli usemwe, kikundi chetu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na sidii ya kwanza ya huo mfululizo alioutaja ndugu wa Mvita ilitengenezwa kwa ajili ya miaka 100 ya taarab Unguja. Mimi kosa langu ni dogo ila sikusamehewa. Nilimkusanyia bibi nyimbo za Ikhwani na za kikundi kingine cha Unguja, Mila na Utamaduni, kwenye diski moja, nikatoa bashrafu zote ili nafasi itoshe. Bashrafu hupigwa mwanzoni na haina maneno, nikaona ni kupasha vyombo tu. Bibi akasikiliza nyimbo mbili, akaomba nizime.

"Mwanangu, hawa wameanza kula hawajanawa."

Bi Mkubwa wa Maskati

Assalaam alaykum wanangu. Mimi si mwandishi, mjukuu ananiandikia.

Sisi tuliondoka Unguja mwaka 64, mimi msichana mdogo. Kanda zilikuja na wasafiri, ndani ya mzigo wa karafuu na vitambaa, mpaka kanda yenyewe inanukia. Dada yangu aliyebaki ndiye aliyezirekodi kutoka redioni, anasubiri wimbo kidole kwenye kitufe, na mara nyingi mtangazaji kamwahi. Basi kila wimbo unaanza na nusu ya neno la mtangazaji.

Lakini uhondo ulikuwa mwisho wa upande wa B. Nyimbo zikiisha na kanda bado ipo, dada anasema mwenyewe. Anatoa salamu, nani kaolewa, nani katangulia mbele ya haki, mwembe wa nyuma umezaa au haukuzaa. Kuku wanasikika. Mara moja mvua ilianza akiwa anasema, akaacha kanda inazunguka, akaenda kuanua nguo. Nilisikiliza mvua ya Unguja dakika nzima nikiwa Ruwi, huku Maskati, nje joto la kuchemsha maji.

Kijana wetu mmoja, Mungu ambariki, akachukua kanda zote akazitia kwenye kompyuta. Kazi nzuri, nyimbo safi kabisa, na majina kapanga kwa alfabeti. Nikamuuliza, na dada yuko wapi? Akasema, "Bibi, zile kelele za mwisho nimezitoa."

Kanda zenyewe alikuwa keshazitupa.

Imebaki moja. Iko kwangu, haitoki.

Fundi Kaseti

Bi Mkubwa, shikamoo. Hiyo moja usiipige tena kwenye redio ya zamani kabla haijafanyiwa nakala. Mpe mtu aizungushe kwanza kwa mkono, mbele na nyuma, maana kanda iliyokaa muda mrefu hushikamana, na ukiivuta ghafla inakatika. Kalamu ya Bic inatosha, ile ya pembe sita inaingia barabara kwenye meno. Na mwambieni asikate kitu.

Mwana wa Ngamiani

Nimesoma yote, nimemsomea na mama kwa simu. Ya Bi Mkubwa imemnyamazisha kidogo. Ya mzee wa Mvita kacheka mpaka kakohoa.

Nikaona nitumie nafasi. Nikamuuliza, "Mama, ule wimbo wa tatu, yule jirani alikukosea nini hasa?"

"Jirani yupi?"

"Wa mlango wa pili. Si ndiye uliyekuwa unampigia?"

"Yule? Yule alikuwa ananiazima pasi kila Ijumaa, ningempigia wimbo kwa lipi? Ule ulikuwa wa baba yako."

Nikamuuliza baba alifanya nini. Akasema salio linaisha, akakata. Mimi ndiye niliyepiga.

Na nimekumbuka kitu: aliyeikata ile kanda kwa mkasi, akasema redio imeila, ni baba.