Mjadala: Je, kanuni moja kuhusu waliobadili jinsia inaweza kuifaa michezo yote ya kimataifa?

Mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwaruhusu wanawake waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wakiwa wa kiume, kushindana na wanawake wenzao, mradi testosteroni yao (homoni ya kiume) iwe chini ya nanomoli 10 kwa lita kwa miezi 12. Novemba 2021 ililiacha sharti hilo, ikaliachia kila shirikisho lijiwekee kanuni zake, na ikaelekeza kwamba mwanamichezo asidhaniwe kuwa na faida isiyo ya haki kwa sababu tu ya jinsia yake. Mashirikisho makubwa yakashika njia nyingine: raga ilikwisha kutangulia mwaka 2020, ikafuata kuogelea mwaka 2022, kisha riadha na baiskeli mwaka 2023, yote yakiyafunga mashindano ya kimataifa ya wanawake kwa aliyepitia balehe ya kiume.

Kwa michezo hiyo, naona mashirikisho yana hoja nzito. Tofauti ya wanaume na wanawake katika mbio na kuogelea ni takriban asilimia 10, na katika kunyanyua vyuma ni kubwa zaidi. Chanzo chake ni balehe, inayoongeza kimo, misuli na ukubwa wa moyo. Testosteroni ikishushwa, himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, hufikia kiwango cha kike ndani ya miezi michache, lakini nguvu za misuli hupungua kidogo tu baada ya mwaka mzima, na mifupa haifupiki. Wapo wanaomtaja Laurel Hubbard wa New Zealand, mnyanyua vyuma aliyebadili jinsia, aliyeshindwa kunyanyua uzito wowote katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kuwa ushahidi kwamba faida hiyo haipo. Mtu mmoja hathibitishi lolote, kwa upande wowote.

Kinachonisumbua ni namna ya kuzitekeleza kanuni hizo. Tangu Septemba 2025 riadha inamtaka kila mwanamke anayeshiriki mashindano ya dunia apimwe mara moja maishani kama ana jeni ya kiume. Tumekwisha kuona vipimo vya namna hii vilivyomfanya María José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, mwaka 1985: alikutwa na kromosomu za XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume, akashauriwa ajifanye ameumia ili ajitoe, na baadaye siri yake ikatangazwa magazetini akanyang'anywa mataji, ilhali mwili wake haukuwa na uwezo wa kuitumia testosteroni. Alirejeshewa haki ya kushindana mwaka 1988, miaka yake bora ikiwa imepita. Kipimo kisicho na usiri, daktari wa kumfafanulia mhusika majibu na nafasi ya kukata rufaa kitawaumiza hata wanawake ambao hawajawahi kubadili jinsia.

Kategoria ya wazi nayo, inayopokea watu wa jinsia yoyote na iliyotengwa katika mashindano ya kuogelea ya Berlin mwaka 2023, haikupata hata mshiriki mmoja, na sishangai, kwa kuwa kujiandikisha humo ni kujitangaza mbele ya dunia nzima.

Aidha, sioni sababu ya kuihamishia kanuni ya raga kwenye kulenga shabaha, ambako mwanamke Zhang Shan wa China aliwashinda wanaume na kutwaa dhahabu katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Kwa hiyo nawauliza wachangiaji: katika michezo ambayo nguvu za mwili haziamui mshindi, ni nani anayepaswa kubeba mzigo wa kuthibitisha, shirikisho linalotaka kufunga mlango au mwanamichezo anayeomba kuingia?