Viazi vya kukaanga vyalegea hata mezani havijafika, nifanyeje?

ummu_malindi
Jamani habari za mchana. Nataka viazi vya kuweka kando ya samaki, si vya unga, vile vikavu ukiuma vinalia kru. Nikivitoa kwenye karai viko sawa lakini dakika tano tu vishalegea na vimejaa mafuta. Natumia jiko la makaa, oveni sina, na airfryer msinitajie, bei yake naijua. Shida ni viazi au ni mimi?

kijana_langoni
Dada shida ni maji. Kata unene wa kidole, osha mpaka maji yasitoke meupe, ule weupe ni wanga ndio unababuka nje mapema na ndani bado bichi. Loweka nusu saa, mwaga, halafu futa kwa kitambaa mpaka vikauke kweli kweli, maana huku pwani hewa yenyewe ina maji. Kisha kaanga mara mbili. Ya kwanza moto mdogo, mafuta kama digrii 150, huna kipimo tia kipande kimoja, kikitoa povu polepole ndio hapo, viive visigeuke rangi. Tandaza kwenye sinia vipoe. Sasa chochea makaa, mafuta yafike 180 hivi, rudisha dakika mbili tatu mpaka viwe rangi ya dhahabu. Wanaokaanga mara moja ndio hao wanatuuzia viazi vilivyolowa ndani ya gazeti na bado wanataka hela kamili.

bi_mkubwa_shela
Kasema kweli huyo ila chumvi hakuitaja. Mwanangu chumvi mwisho, vikishatoka, ukiitia mapema vinatoa maji. Na usijaze karai, ukimwaga kilo nzima mafuta yanapoa, viazi vinakaa vinayanywa. Na tafadhali usivifunike vikiwa moto, mvuke unarudi humo humo, hata kawa ingoje kwanza.

muuza_viazi
Mimi niko sokoni hapa Malindi, vingi tunavyoletewa ni aina ya Shangi, hiyo inawahi kuota kwa hivyo usinunue ya mwezi mzima. Chagua vigumu visivyo na kijani. Na friji usitie, baridi inageuza wanga kuwa sukari, ukikaanga vinakuwa vyeusi nje, ndani bado havijaiva, na ladha ya utamu utamu.

ummu_malindi
Shukran sana. Sasa nikikaanga ile ya kwanza asubuhi, ya pili nikafanya magharibi wageni wakija, itafaa? Na niviweke wapi na joto hili kama friji mwakataza

kijana_langoni
Yafaa sana. Friji alikataza vibichi, hivyo vishaiva nusu weka tu. Ukiwa na friza ndio bora zaidi, toa vikiwa vimeganda tia kwenye mafuta ya moto bila kuyeyusha, vinatoka vikavu kushinda hata vya asubuhi. Kidogo kidogo lakini, na usimame mbali, yale mafuta yataruka.