Ulinganisho: pezi moja, 2+1, matatu au manne kwenye ubao wa kusimama wa mawimbi?

Kafi_Lavington
Wadau, naomba ushauri wa mapezi. Ubao ni futi 9 na inchi 2, upana inchi 31, lita 140. Una masanduku matano (matundu ya chini yanayoshika mapezi): lile refu la Kimarekani katikati na manne ya kampuni ya Futures pembeni. Mpandaji ana kilo 85. Utatumika Malindi wakati wa kusi, Diani nje ya mwamba, na Naivasha pale Pwani inapokuwa mbali. Bajeti ni ya seti mbili tu. Mngechukua zipi?

TeziNaOmo
2+1 kwanza: pezi la kati inchi 6.5 au 7, na mawili ya inchi 4 hivi kwenye masanduku ya pembeni ya mbele.

Sababu yenyewe ni kafi. Ukipiga kafi kulia, omo hukimbilia kushoto, na pezi la kati ndilo hulizuia hilo. Mapezi ya pembeni hayakai sambamba na ubao: yameelekezwa kidogo omo na kuinamishwa nje nyuzi chache. Mwinamo huo huusaidia ubao kukata kona, lakini ukienda moja kwa moja unageuka breki. Kwa hiyo ya pembeni yawe madogo, la kati lifanye kazi.

Kabla ya kutoa hela ya seti ya pili, sogeza la kati. Anzia katikati ya sanduku. Ukilirudisha nyuma ubao unanyooka na kona inapanuka. Ukilileta mbele mkia unalegea na kona inafupika. Sogeza sentimita 1 tu kila mara, na uweke alama kwa kalamu kando ya sanduku, la sivyo hutajua kilichobadilika ni pezi au ni wimbi.

Mkia_Mpana
Malindi sawa. Diani nje ya mwamba siafiki, mzee. Pale wimbi likisimama ni kasi, na ubao wa inchi 31 una mkia mpana. Ukiulaza ubavuni, pezi la katikati linaweza kuinuka karibu kutoka majini, livute hewa, na mkia uteleze ghafla. Mapezi manne yako karibu na ukingo, kwa hiyo mawili ya upande ulioulalia yanabaki yamezama. Ya mbele inchi 4.5 hadi 5, ya nyuma 3.5 hadi 4. Tena hakuna pezi la kati la kukokota maji.

Gharama yake: ukipiga kafi kwenye maji bapa omo inayumba zaidi, na ile kona ya kugeukia papo hapo hutaipata. Kona za manne ni ndefu.

Bi_Kusi
Nyote mmeruka matatu na moja.

Matatu, yaani ya pembeni inchi 4.5 hivi na la kati linalokaribiana nayo, ni ya mtu anayepanda juu ya wimbi na kushuka, kupanda na kushuka. Malindi kusi ikivuma maji yanachafuka, mawimbi yanakuja karibu karibu, na kwa kilo 85 pezi dogo la kati halitoshi kuunyoosha ubao unapoyakimbiza. Na tahadhari: jedwali za saizi kwenye pakiti nyingi zimepangwa kwa uzito wa mtu kwenye ubao mfupi wa mawimbi, ule unaoulalia kwanza kabla ya kusimama, usio na kafi. Ubao wako ni mpana kuliko huo, usinunue saizi ya chini ya uzito wako.

Pezi moja la inchi 9 linateleza vizuri kuliko yote, hakuna breki ya pembeni. Shida ni kina. Inchi 9 ni sentimita 23, na wakati wa bamvua maji yakipwa, ndani ya mwamba Diani kuna mahali hupati hizo sentimita. Pezi likigonga, linalovunjika si pezi peke yake. Sanduku hupasuka nalo.

Fundi_wa_Masanduku
Hapo kwenye sanduku niongeze, maana watu hulinganisha mapezi wakasahau kinachoyashika.

Skrubu ya sanduku refu huuzwa aina mbili, M4 na 8-32. Machoni ni pacha, meno hayaoani. Nunua skrubu na kibati chake (kisahani kinachoingiwa na skrubu ndani ya sanduku) pamoja, chuma kisichoshika kutu daraja la 316, na ubebe pea ya akiba. Maduka ya Kirinyaga Road nenda na sampuli mkononi. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko wa bisibisi. Ukizidisha, kibati kinapasua reli ya sanduku. Skrubu za Futures nazo ni rahisi kuziua meno: spana iingie hadi mwisho kabla ya kuzungusha. Mapezi ya FCS, kampuni nyingine, hayaingii humo.

Pezi likivuma kama mbu ukiwa na kasi, angalia ukingo wa nyuma. Huenda umemeguka. Msasa namba 400 wenye maji, taratibu.

La mwisho linawahusu sana wa Nairobi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kama ubao una skrubu ya hewa, ilegeze kabla ya kupanda huku, hewa ya ndani itatanuka. Ukishuka Pwani ifungue tena dakika chache, kisha ifunge. Ukiingia majini na hewa nyepesi ya Nairobi ndani, ubao utafyonza maji kupitia ufa wowote ulio kando ya sanduku.

Kafi_Lavington
Shukrani. Na Naivasha?

TeziNaOmo
Gugumaji hunasa kwenye pezi lililosimama wima. Tafuta pezi la kati lililolala sana nyuma, inchi 6 hivi, peke yake bila ya pembeni. Viboko hawajali una mapezi mangapi, kaa mbali nao.

Mkia_Mpana
Basi nunua 2+1, halafu uongeze jozi ndogo ya inchi 3.75 ya masanduku ya nyuma. Mbele utumie hizo za inchi 4 za 2+1. Ni ndogo kidogo kwa kilo 85, lakini utajua kama manne yanakufaa kabla ya kulipia seti nzima.

Bi_Kusi
Hilo naliafiki. Ila hakikisha jozi ya nyuma imeandikwa kushoto na kulia. Upande ulio bapa utazame katikati ya ubao.