Mjadala: Je, Hannibal alikosea kutoiendea Roma baada ya Cannae?

Kila vita vya Karthago na Roma vinapozungumzwa, huzuka hoja kwamba Hannibal, jemadari wa Karthago, dola ya Afrika Kaskazini, alishinda Cannae, kusini mwa Italia, tarehe 2 Agosti 216 KK, kisha akaipoteza vita nzima kwa kusitasita, kwa kuwa hakuiendea Roma wakati mji ulipokuwa bado umeshikwa na taharuki. Wanaoishikilia hoja hiyo huegemea maneno ambayo Livius, mwanahistoria wa Kiroma, anayatia kinywani mwa Maharbal, kamanda wa wapanda farasi wa Hannibal, kwamba Hannibal anajua kushinda lakini hajui kuutumia ushindi. Mimi naipinga, na nawaomba wanaoitetea wanijibu kwa hesabu za askari, kuta na chakula, kwa maana msemo kuwa mtamu hakuufanyi kuwa ushahidi.

Ufundi wa siku ile haubishaniwi. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema Waroma walikuwa na askari wa miguu wapatao 80,000 na wapanda farasi 6,000, ilhali Hannibal alikuwa na 40,000 wa miguu na 10,000 wa farasi. Aliwapanga Wagallia na Wahispania katikati, katika safu iliyojipinda kumwelekea adui, akawaweka Walibya pembeni huku na huku, kisha akaiacha ile safu ya katikati irudi nyuma polepole bila kukatika, hadi Waroma, kwa wingi wao wenyewe na kwa hamu ya kusonga mbele, wakajisukuma ndani ya mfuko. Walibya waliubana mfuko huo ubavuni, na wapanda farasi wa Hasdrubal, kamanda mwingine wa Hannibal, ambao walikuwa wamekwisha kuwavunja wenzao wa Kiroma kando ya mto Aufidus, wakaufunga kwa nyuma. Livius anahesabu Waroma na washirika wao zaidi ya 48,000 waliouawa, na Polybius anataja idadi kubwa zaidi.

Hata hivyo, jeshi linaloweza kumzingira adui uwandani si lazima liweze kuvunja kuta. Kutoka Cannae hadi Roma ni mwendo wa takriban kilomita 400, na mwisho wa mwendo huo ulikuwapo ukuta wa mawe wenye urefu wa kilomita zipatazo 11, pamoja na lejioni (vikosi vikubwa vya askari wa Kiroma) mbili za mjini. Seneti, baraza kuu la Roma, ilikataa hata kuwakomboa mateka wake, ikamweka Marcus Junius Pera kuwa dikteta, yaani mtawala wa muda wakati wa dharura, na watumwa 8,000 wakanunuliwa kwa fedha za dola na kupewa silaha. Tukumbuke pia kwamba Saguntum, mji mdogo mno kuliko Roma, ulikuwa umemchukua Hannibal miezi minane mwaka 219 KK, tena akiwa Hispania, karibu na ghala zake. Baada ya Cannae yenyewe aliziona kuta za Neapolis (Napoli ya leo) akageuka, na Casilinum, iliyolindwa na kikosi cha watu wapatao 1,000, haikusalimu amri mpaka njaa ilipoilazimisha.

Kuna ushahidi mwingine ambao naona unapuuzwa. Mwaka 215 KK Hannibal alifanya mkataba na Filipo wa Tano wa Makedonia, na maneno yake yamehifadhiwa na Polybius. Mkataba huo unaeleza masharti ya amani ambayo Waroma watapewa watakapoiomba, yaani unachukulia kwamba Roma itabaki, ikiwa imepunguzwa nguvu na kunyang'anywa washirika. Kumlaumu kwa kutoubomoa mji ni kumpima kwa lengo ambalo mkataba wake mwenyewe hauonyeshi kwamba alikuwa nalo.

Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa katika hesabu ya washirika hao. Capua na miji mingi ya kusini ilimfuata, lakini makoloni ya Kilatini, yaani miji ya walowezi iliyoanzishwa na Roma, hayakuasi hata moja, na kila mji uliojiunga naye ukawa mzigo wa kulindwa. Waroma waliacha kumpa vita vikubwa vya uwandani, wakaanza kuishambulia miji hiyo pale asipokuwapo, naye alikuwa na jeshi moja tu lililofaa kupambana nao. Mwaka 211 KK, Capua ilipokuwa imezingirwa, hatimaye aliiendea Roma ili kuwavuta adui. Mzingiro haukuondolewa, na Capua ikaanguka mwaka huohuo.

Najua jibu litakalokuja: hali ya 211 haikuwa ile ya 216, na huenda kuonekana kwake mbele ya malango wiki chache baada ya Cannae kungewatikisa hata Walatini. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo pekee inayonifanya nisite. Lakini farasi 10,000 hula kila siku, na jeshi lililoishi kwa kuhamahama likitafuta nafaka na malisho lisingeweza kukaa mahali pamoja bila kuimaliza nchi inayolizunguka. Anayesema Hannibal angeiendea Roma na atueleze kwanza angewalisha nini watu na farasi hao chini ya ukuta huo, na kwa miezi mingapi.